Kapu tulilompelekea mgonjwa wa moyo, na potasiamu iliyokuwa ndani yake

Katika daftari la kamati ya msikiti wetu upo ukurasa wenye kichwa cha maneno "Kuzuru wagonjwa". Mimi ndiye ninayeuandika, kwa kuwa ukatibu ni amana niliyokabidhiwa. Huandikwa humo mgonjwa ni nani, wamekwenda kumjulia hali akina nani, na wamechukua nini mkononi. Kwa mzee wetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe: madafu kumi, chane mbili za ndizi mbivu, machungwa, tende kilo mbili.

Mzee huyo alikuwa amerudi nyumbani baada ya siku nane za kulazwa hospitali. Moyo wake ulikuwa umeshambuliwa. Damu ilikuwa imeganda katika mshipa mmojawapo unaoulisha moyo wenyewe, na sehemu ya misuli yake ikakosa hewa. Alhamdulillahi, alifikishwa mapema. Alipotoka, jamaa, majirani na waumini wakashindana katika wema. Madafu yetu kumi yalipokwisha yakaletwa mengine. Dafu asubuhi, dafu adhuhuri, tende baada ya kila sala. Sote tulijua, au tulidhani tunajua, kwamba matunda hutia nguvu na dafu husafisha mwili.

Wiki ya tatu miguu yake ikawa mizito kama iliyofungwa mawe. Siku moja, akiwa anasali kwa kukaa, alishindwa kuinua mikono kwa takbira. Mwanawe akashika kifundo cha mkono wa babake, akaona mapigo yanakuja moja moja, kwa kusitasita. Wakamrudisha hospitali, nami nikawafuata huko.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu kwa umri. Alitoka wodini na karatasi ya maabara mkononi, akaniita pembeni.

"Ustadh, nimeambiwa wewe ndiye katibu wa msikiti. Nani aliyekuwa akimletea mzee madafu?"

Nikamwambia ni sisi.

"Mangapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu. Binti wa mzee ndiye aliyejibu kwa sauti ya chini: "Mawili, daktari. Siku nyingine matatu."

Alinionyesha karatasi. Mbele ya neno potasiamu palikuwa na tarakimu 6.8, na pembeni yake mipaka ya kawaida: 3.5 hadi 5.0. Kisha akaanza kuuliza juu ya vidonge, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kapu letu halikuwa kosa pekee, bali lilikuwa limeongezwa juu ya mambo mengine mawili ambayo hatukuyajua. Nitayaeleza. Lakini kwanza yafaa msomaji ajue potasiamu ni kitu gani, na kwa nini wataalamu wenyewe walikaa miaka mingi wakiamini kwamba kwa mgonjwa wa moyo kiasi chake kikubwa ni afadhali kuliko kidogo.

Potasiamu ni madini. Mwanakemia wa Uingereza Humphry Davy aliyatenga kwa mara ya kwanza mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika chumvi itokanayo na majivu ya mimea. Alama yake katika vitabu vya kemia ni K, herufi ya kwanza ya neno kalium. Na wanafunzi wa Kiarabu watafurahi kujua kwamba neno hilo limetokana na al-qali, yaani majivu ya mimea ambayo watu wa kale walitengenezea sabuni.

Katika mwili wa binadamu takriban asilimia 98 ya potasiamu imo ndani ya seli, na sehemu ndogo mno iliyobaki ndiyo inayoelea katika damu na maji yaliyo nje ya seli. Tofauti hiyo ya ndani na nje si ya bure. Ndiyo inayoifanya kila seli ya moyo iwe kama betri iliyochajiwa, tayari kupokea amri ya kupiga. Kazi ya kuilinda hufanywa na pampu ndogo zilizomo katika utando wa seli, ambazo huitoa sodiamu nje na kuiingiza potasiamu ndani usiku na mchana. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, alizieleza pampu hizo mwaka 1957, na miaka 40 baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Potasiamu ya damuni ikipungua mno, betri za moyo huwa na wasiwasi. Hupiga bila kuamriwa, na vurugu ya mapigo huweza kufikia hali ambayo moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu. Ikizidi mno, betri hulegea, amri huchelewa kupita, mapigo hupungua, na mwisho moyo husimama. Madaktari wa upasuaji wanalijua hili vyema, kwani wanapotaka moyo utulie ili waushone huumiminia maji yenye potasiamu nyingi, nao husimama. Kiasi kilicho katika mipaka ndicho uhai, na nafasi kati ya mpaka na mpaka ni nyembamba.

Sasa tuje kwenye mgonjwa ambaye moyo wake umeshambuliwa. Wakati wa shambulio mwili hujaa homoni za hofu, na homoni hizo huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia katika seli. Kwa hiyo wagonjwa wengi hufika hospitali potasiamu yao ikiwa imeshuka. Ilipofika miaka ya 1960 hospitali za Ulaya na Marekani zikaanzisha wodi maalumu za wagonjwa wa namna hii, ambapo mapigo hutazamwa kwenye kioo saa zote, na madaktari wakashuhudia kwa macho yao jinsi vurugu ya mapigo inavyoua. Tafiti zilizofuata, nyingi zikiwa ndogo, zilionyesha kwamba wenye potasiamu ya chini ndio waliopatwa zaidi na vurugu hizo. Shauri likawa jepesi: ipandishwe. Miongozo ya kitabibu ikaagiza potasiamu ya mgonjwa wa shambulio la moyo iwekwe kati ya 4.0 na 5.0 milimoli kwa lita, na wako wataalamu waliopendekeza ivuke hata 4.5. Wodini ikawa ada: karatasi ya maabara ikisoma 3.8, mgonjwa hupewa potasiamu, kwa kidonge au kwa dripu, ingawa 3.8 imo ndani ya mipaka ya mtu mwenye afya.

Ada hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, tafiti zake zilitangulia zama za dawa zinazotumika leo: zile za kutuliza moyo dhidi ya homoni za hofu, zile za kuyeyusha damu iliyoganda, na ule ufundi wa kuzibua mshipa kwa mpira mwembamba wenye puto. Ya pili, na hii ndiyo kubwa, zilihesabu vurugu za mapigo zaidi kuliko zilivyohesabu waliokufa. Mtu angeweza kusema mapigo yametulia, asiulize kama mgonjwa ametoka hospitali kwa miguu yake.

Mwezi Januari mwaka 2012 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Abhinav Goyal wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa 38,689 waliothibitishwa kwa vipimo vya damu kwamba mioyo yao imeshambuliwa, waliolazwa katika hospitali 67 za Marekani kuanzia mwaka 2000 hadi 2008. Kwa kila mmoja walitafuta wastani wa potasiamu yake siku zote alizolazwa, kisha wakauliza swali ambalo lilikuwa limerukwa: je, alitoka hai?

Katika waliokuwa na potasiamu kati ya 3.5 na 4.0, waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 4.8. Kati ya 4.0 na 4.5 walikuwa asilimia 5.0, yaani karibu sawa. Kisha ngazi ikapanda ghafla. Katika wale waliokuwa kati ya 4.5 na 5.0, mahali hasa ambapo miongozo iliruhusu na baadhi ya wataalamu walipahimiza, waliofariki walikuwa asilimia 10.0. Waliovuka 5.0 hali yao ilikuwa mbaya zaidi, na waliokuwa chini ya 3.5 nao pia vifo vyao vilizidi.

Nilipoelezwa hayo nilirudia kuuliza, kwa sababu niliona kama nimesikia vibaya. Vifo mara mbili, kwa tofauti ya nusu ya kipimo, na bado ndani ya kile karatasi ya maabara inachokiita kawaida!

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalostahili kutafakariwa. Ile vurugu kubwa ya mapigo na kusimama kwa moyo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiogopwa, iliongezeka tu kwa waliokuwa chini ya 3.0 na kwa waliofikia 5.0 au zaidi. Katikati hapo haikuwa na tofauti ya kutajika. Maana yake, mgonjwa mwenye 3.8 aliyekuwa akiongezewa potasiamu ili apandishwe alikuwa akikingwa na hatari ambayo haikuwa mlangoni kwake.

Hata hivyo uadilifu unatulazimu tusiseme zaidi ya kile utafiti ulichosema. Huu ulikuwa utafiti wa kutazama kumbukumbu. Hakuna aliyepigiwa kura kwamba huyu apandishwe na yule aachwe. Huenda potasiamu iliyopanda ilikuwa dalili tu ya jambo jingine, kwa mfano figo zilizochoka au mwili uliokosa damu ya kutosha, na jambo hilo ndilo lililoua. Watafiti walijitahidi kuziondoa sababu hizo kwa hesabu, ikiwemo hali ya figo, na tofauti ikabaki pale pale. Lakini hesabu haiwezi kuondoa kila kitu, nao wenyewe walikiri hivyo. Walichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba desturi ya kupandisha potasiamu hadi juu ya 4.5 haina msingi madhubuti wa kusimamia.

Zipo tafiti nyingine ambazo wagonjwa waligawanywa kwa kura. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi nyingi, ambapo wagonjwa 20,201 wa shambulio la moyo waligawanywa, nusu wakatiwa mchanganyiko wa glukosi, insulini na potasiamu kwa mshipa, nusu wakaachwa na tiba ya kawaida. Baada ya siku 30 walikuwa wamefariki asilimia 10.0 ya waliotiwa na asilimia 9.7 ya wasiotiwa. Mchanganyiko huo ulikuwa ukisifiwa tangu miaka ya 1960, na haukumwokoa mtu. Na mwaka 2024 hospitali 23 za Uingereza na Ujerumani zilitoa taarifa ya wagonjwa 1,690 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo: kusubiri potasiamu ishuke chini ya 3.6 ndipo iongezwe hakukuleta madhara zaidi kuliko kuiongeza kila inaposhuka chini ya 4.5.

Asije mtu akadhani basi jambo limefungwa. Mwaka 2025 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,200 wenye kifaa kilichopandikizwa kifuani cha kuustua moyo unapoharibika mapigo. Kwa hao, kuipandisha potasiamu hadi kati ya 4.5 na 5.0, kwa vidonge, chakula na vipimo vya mara kwa mara, kulipunguza vurugu za mapigo na safari za kulazwa. Ni watu wengine, katika hali nyingine: hawamo katika siku za kwanza za shambulio, na wenye figo zilizodhoofika sana hawakuingizwa. Tena walipimwa damu mara nyingi. Nimelitaja kwa makusudi, kwa kuwa wako watu wakisikia kitu kimekatazwa kwa mmoja hukikataza kwa wote.

Turudi kwa mzee wetu. Mambo mawili tuliyokuwa hatuyajui ni haya.

La kwanza ni figo. Potasiamu tunayokula hutolewa mwilini kwa mkojo, na figo ndizo zinazoamua itoke kiasi gani. Mtu mwenye figo nzima akinywa madafu matatu hutoa ziada kabla ya jua kuchwa. Mzee wetu alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na kisukari hula figo kimyakimya. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

La pili ni dawa. Alikuwa akimeza enalaprili na spironolaktoni, dawa mbili njema ambazo huupunguzia moyo mzigo. Zote mbili huizuia figo isitoe potasiamu. Mwaka 1999 utafiti mmoja mkubwa ulionyesha kwamba spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika wagonjwa ambao mioyo yao imeshindwa kazi kwa kiwango kikubwa. Madaktari wakaipokea kwa furaha. Huko Ontario, Kanada, wazee wenye tatizo hilo waliokuwa tayari wakitumia dawa za jamii ya enalaprili waliandikiwa spironolaktoni kwa wingi: kutoka 34 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 149 kwa kila 1,000 mwishoni mwa mwaka 2001. Katika muda huo huo, waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda wakatoka 2.4 hadi 11.0 kwa kila 1,000. Dawa ilikuwa ile ile iliyookoa. Lililopungua ni kupima damu na kuchagua ni nani anayeiweza.

Juu ya hayo mawili ndipo likaja kapu letu. Kikombe cha robo lita cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Ndizi mbivu moja ya kiasi ina takriban 400. Gramu 100 za tende zina zaidi ya 600. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima mwenye afya apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, na wengi wetu hatuzifikii. Kwa hiyo kwa jirani yako mwenye shinikizo la damu na figo nzima, ndizi na maharage ni heri tupu. Mzee wetu alikuwa akizipita, kila siku, huku mlango wa kutokea umefungwa nusu.

Nilimuuliza daktari kama tungemuua. Hakunijibu moja kwa moja. Alisema walimtia kalsiamu kwa mshipa ili kuukinga moyo, kisha insulini pamoja na glukosi ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli, na kwamba kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa kimeanza kubadilika umbo. Akaongeza kwamba walipima damu mara mbili kabla ya kuamini ile 6.8, kwa kuwa damu ikivutwa kwa nguvu chembe zake hupasuka, potasiamu iliyomo hutoka, na karatasi ikasoma zaidi ya ukweli. Mara ya pili ilisoma vile vile.

Akina mama wanaowapikia wagonjwa, na vijana wanaowasindikiza kliniki, naomba wayaulize haya mgonjwa wa moyo anaporuhusiwa kurudi nyumbani: potasiamu yake ilikuwa ngapi siku anatoka, figo zake zikoje, katika dawa zake ipo inayopandisha potasiamu, kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, au inayoishusha, kama furosemidi, na damu ipimwe tena lini. Akiwa anameza furosemidi au ameshikwa na kuhara, huenda daktari akamwagiza ndizi yeye mwenyewe. Ile chumvi inayouzwa kwa jina la chumvi ya wagonjwa wa presha nayo iulizwe, maana mara nyingi sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Wala mtu asiache dawa kwa kusoma makala hii. Mzee wetu hakuachishwa zote. Alipunguziwa moja, nyingine ikasimamishwa kwa muda, na mkewe akapewa karatasi ya vyakula.

Alikaa wodini siku nne. Aliporudi nilikwenda kumtaka radhi kwa niaba ya kamati. Alicheka, akasema, "Mwanangu, mlinipenda kwa wingi mno," kisha akaniuliza kama Ramadhani ataruhusiwa kufuturu kwa tende. Nilimwambia sijui, tutamuuliza daktari. Tuliuliza. Iwapo madaktari watamruhusu kufunga, ameruhusiwa tende moja.

Ukurasa wa "Kuzuru wagonjwa" sasa una safu mpya niliyoichora kwa rula: "Ameruhusiwa kula nini, na nani amesema." Kwa wagonjwa wa moyo na wa figo kapu limepungua uzito, huwa lina sabuni, mchele, matofaa machache, na bahasha. Katika mstari wa mzee yule wa mwezi uliopita niliandika: nauli na gharama ya kupima damu, Jumatatu. Jumanne nikaongeza pembeni yake tarakimu mbili alizoniletea mwanawe baada ya sala ya alasiri: 4.4.